Daraja la Kwenda Unguja

Sehemu ya Sita

Mgeni aliingia dukani kwa Bi Shufaa Jumatano saa nne asubuhi, akiburuta begi la magurudumu lililojaa vumbi jekundu. Hakuuliza bei ya fotokopi. Aliuliza jina langu, tena lote.

"Protase Kashaija ni nani hapa?"

Nilikuwa chini ya meza natafuta waya wa printa. Nikabaki hukohuko.

"Yuko chini ya meza," Bi Shufaa akasema. "Toka, msomi. Huko wanakaa panya."

Nikatoka na vumbi magotini. Mbele yangu alisimama dada wa miaka thelathini hivi, buibui jeusi, raba miguuni, macho ya mtu aliyelala kwenye basi siku mbili.

"Naitwa Salwa. Natoka Unguja. Nimekuja kukuona wewe."

Nikatafuta kiti kwa mkono, bila kukitazama.

Kwa mtu aliyelishika gazeti hili leo kwa mara ya kwanza, nieleze kwa nini mtu wa Unguja kutokea hapa Omurushaka, Karagwe, lilikuwa jambo la kunitoa jasho.

Nilihitimu shahada ya utalii miaka mitatu iliyopita. Kazi sikupata. Bi Shufaa, mwenye duka hili la stesheneri, alinihurumia akanipa meza moja na kipande cha ukuta. Nikabandika ramani, na chini yake maandishi: LIKIZO ZA VISIWANI. SISI TUNAPANGA, WEWE UNAPUMZIKA. Wateja wangu wa kwanza walikuwa maharusi wa Nkwenda. Walibadili mawazo wakanunua ng'ombe. Wa pili alikuwa mnunuzi wa mazao aliyeniuliza maswali siku tatu mfululizo kuhusu Unguja, kisha akaenda kutembea Kigali.

Wa tatu ni Mzee Polikarpi na mkewe, Mama Nyirabageni, wakulima wa Rugera. Binti yao Liliane, nesi wa Mwanza, ndiye aliyewalipia safari hiyo kwa ajili ya jubilei ya ndoa yao, miaka arobaini. Siku saba kwenye nyumba ya wageni ya kule pwani ya mashariki, ambayo mwenyewe ni jamaa wa Bi Shufaa. Kuondoka, Jumatatu ijayo.

Tatizo ni kwamba Mama Nyirabageni aliamini basi litamfikisha Unguja.

Msicheke upesi. Mdogo wake, Projestus, alipanda meli pale Bukoba mwaka ule wa tisini na sita, ile iliyozama na watu. Watu wa Kagera hawahitaji niongeze neno. Tangu mwaka ule Mama hali samaki wa ziwani, wala hajakanyaga chombo cha maji. Liliane amefanya kazi Mwanza miaka minane na mama yake hakwenda kumtembelea hata mara moja, sababu ni pantoni ya Busisi. Daraja jipya lilipofunguliwa akapanda basi, akaenda, akarudi mtu mwingine. Alikuwa akiwaambia majirani: "Maji yameshindwa. Siku hizi unapita juu yake kama unapita sokoni."

Basi nilipomwonyesha picha za Unguja kwenye simu yangu, aliniuliza daraja la huko lina urefu gani.

Mzee Polikarpi alinikanyaga mguu chini ya meza. Nami nikasema, "Refu, mama."

Hayo ndiyo niliyoungama wiki iliyopita. Msomaji mmoja wa Kayanga ameniandikia kwamba nastahili viboko. Sikatai.

Sasa turudi dukani.

"Salwa?" Bi Shufaa alikuwa amevua miwani. "Salwa wa kaka yangu Ukasha?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Mara ya mwisho nilikuona una kaptula. Mbona hujapiga simu?"

"Ningepiga, mngefagia. Nilitaka kumwona huyu kijana kabla hajafagia."

Akakaa kwenye kiti changu, akatoa simu, akaanza kuisoma kwa sauti.

"'Tafadhali, je, kuna chumba ambacho mgeni akilala hatasikia bahari?' Ni wewe uliyeandika?"

"Ni mimi."

"'Je, dirisha linaweza kutazama upande wa mashamba?' Wewe?"

"Mimi."

"Wageni wote wa dunia hii wanalilia chumba cha kusikia bahari. Meseji zako kaka yangu Hanifu, mwenye nyumba ya wageni, anazisoma jikoni, wapishi wanasimamisha vijiko. Mwisho akasema, huyu kijana ama ni kichaa, ama anawajali wageni wake kuliko sisi. Nenda ukamtazame."

"Ni vyote viwili," Bi Shufaa akasema.

Salwa hakucheka. "Tunataka mtu wa huku kanda ya ziwa. Miezi mitatu utakaa kwetu ujifunze kazi, kisha urudi hapa na ofisi yako mwenyewe, mkataba na mshahara. Utasafiri na wazee wako hao hao, Jumatatu."

Nilinyanyuka. Nikaenda hadi mlangoni, nikarudi kwenye ramani, nikaenda tena mlangoni.

Shahada ya utalii ninayo, wasomaji wangu, na bahari sijaiona. Nimeisoma. Najua kina chake kwa mita. Harufu yake siijui.

"Kaa, unanizungusha kichwa," Bi Shufaa akaniambia.

"Ila Hanifu ana sharti," Salwa akaendelea. "Wageni wako wa kwanza wafike. Hao wazee wakifika, kazi ni yako. Wasipofika, kuna kijana wa Mwanza ameshapeleka vyeti."

"Watafika," nikasema.

"Vizuri. Nimewaletea halua. Nipeleke nikawaone."

"Leo?"

"Leo. Kesho alfajiri narudi."

Nikatazama dari. 

"Dada Salwa, kuna neno moja tukifika usilitaje."

"Neno gani?"

"Boti."

Akashusha simu. "Nisiseme boti."

"Wala meli. Wala kivuko."

"Hao wazee wanajua wanakwenda wapi?"

"Unguja."

"Kisiwani."

"Ndiyo."

"Kwa usafiri gani?"

"Kwa basi."

Bi Shufaa alishika mashine ya fotokopi kwa mikono miwili. Mabega yalikuwa yanatikisika, machozi yanamtoka. "Mwanangu Salwa," akasema alipopata pumzi, "huku kwetu kisiwani tunakwenda kwa basi. Ninyi tu wenye kisiwa ndio hamjaambiwa."

Salwa akafunga zipu ya begi lake polepole.

"Nitanyamaza," akaniambia. "Lakini uongo sitasema. Nikiulizwa, nitakutazama wewe."

Tulichukua bodaboda mbili. Njia nzima ya Rugera niliona mgongo wa Salwa mbele yangu na nikatamani pikipiki yao ipate pancha, au yangu. Hazikupata.

Uani kwa Mzee Polikarpi kahawa ya mwisho ilikuwa imeanikwa kwenye turubai. Mama Nyirabageni alikuwa anaigeuza kwa miguu, amekunja kitenge hadi magotini. Alipomwona Salwa hakuuliza ni nani. Alimkumbatia kwanza.

"Huyu ni mtu wa kule tunakokwenda," nikasema.

"Karibu, mwanangu. Na basi limekuchosha?"

"Sana, mama," Salwa akasema. Huo ulikuwa ukweli.

Wakaingia ndani. Mzee Polikarpi akanishika kiwiko, akanivuta hadi migombani nyuma ya jiko.

"Amesema?"

"Hajasema, mzee."

"Safi. Sasa sikiliza. Tukifika Dar, pale pale mbele ya maji, mimi nitamshika mkono. Atapanda."

"Asipopanda?"

"Atapanda. Mimi ni mume wake."

"Mzee, mimi nilimwahidi."

"Ulimwahidi nini?"

Hili sikuwaandikia wiki iliyopita. Nilikuwa naona aibu.

Wiki mbili zilizopita, siku nilipowapelekea ratiba, Mama alinikaribisha kahawa ya kutafuna, ile inayochemshwa na ganda lake ikakaushwa, inayoletwa kwenye kikapu kidogo mgeni anapofika. Akachagua ganda moja, akalipasua kwa meno. Ndani mna punje mbili, zimelaliana. Moja akanipa mimi, moja akabaki nayo.

Mnaotoka huku mnajua. Wazee wa zamani walipokula yamini ya undugu, waligawana punje za ganda moja. Siku hizi hakuna anayechanja damu, lakini punje mbili za ganda moja zikigawanywa, neno lililosemwa pale halirudi kinywani. Mama Nyirabageni alizaliwa katika watu waliotoka Burundi, lakini miaka arobaini ya Karagwe imemfundisha hilo.

"Mimi sijui kusoma karatasi yako," aliniambia siku ile. "Polikarpi ananisomea anavyotaka yeye. Niahidi kitu kimoja tu. Njia yote, kama ilivyo, utaniambia wewe, kabla sijafunga mlango wangu."

Nikasema ndiyo. Nikatafuna.

Daraja la uongo lilikuwa limeshajengwa tayari. Nilitafuna huku nikijua.

Nilipomweleza mzee hayo pale migombani, aliguna.

"Punje ya kahawa mtu anatafuna, anatema, imekwisha. Msomi mzima unaogopa punje?"

"Naiogopa."

Akatazama chini. Akaokota jani kavu la mgomba, akaanza kulichana nyuzi nyuzi.

"Protase. Tangu nimuoe, huyu mwanamke hajanywa chai iliyopikwa na mtu mwingine. Hata alipojifungua Liliane, siku ya tatu alikuwa jikoni. Hata Mwanza kwa binti yake, alipika yeye. Nataka siku saba apikiwe. Siku saba akae kwenye kiti, aletewe sahani, asiulize chumvi iko wapi. Bahari sina haja nayo. Kwa hilo, mimi niko tayari kudanganya hadi Dar."

 Ningekuwa na mke, ningetaka kusema maneno kama hayo.

"Na wewe," akaongeza, "nasikia kuna kazi."

"Nani kakuambia?"

"Dereva wa bodaboda yake. Habari haipandi basi. Basi tulia, mwanangu. Siku tano tu za kufunga mdomo, kisha tuko njiani. Watu wamefunga mdomo miaka."

Nilimfuata ndani nikiwa nimeamua kutulia. Naapa nilikuwa nimeamua. Nilijiona kabisa nikiwa ofisini kwangu, kibao mlangoni, mama yangu akipita na wenzake akijifanya amepotea njia.

Ndani, Salwa alikuwa na kipande cha halua mkononi na kikapu cha kahawa magotini. Mama Nyirabageni alikuwa amekaa kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, anacheka. Begi la safari lilikuwa limeshafungwa, limewekwa juu ya kiti kama mgeni wa heshima.

"Nilikuwa namwonyesha gauni langu," akaniambia. "Liliane amelituma. Anasema huko wanawake wanavaa mepesi."

"Ni zuri, mama."

"Kaa. Nilitaka kumuuliza huyu, kwa kuwa yeye amepita juzi. Mwanangu Salwa, lile daraja lenu."

Salwa akaacha kutafuna.

"Lile la Mwanza," Mama akaendelea, "nilifumba macho. Nikashika rozari, nikaanza Salamu Maria. Nilipofika ya kumi na mbili Liliane akaniambia kwenye simu, mama, mbona kimya, mmeshavuka. Kumi na mbili tu. Sasa hili la kwenu naambiwa ni refu. Nimejipanga rozari nzima. Mafungu yote matano. Itatosha, au nianze mapema nikiwa bado Dar?"



Alikuwa ameishika rozari yenyewe, ya mbao, uzi wake umeungwa kwa nailoni ya kushonea magunia. Alikuwa anauliza kama mtu anayeuliza achukue sweta moja au mawili.

"Mama," Salwa akasema, "mimi ni mgeni tu. Njia ni ya Protase." Akanitazama, kama alivyoniahidi.

Mzee Polikarpi alikohoa.

Nikaiona kazi yangu yote kwa mara ya mwisho, kibao, mlango, mama yangu. Nikaona pia mahali pale mbele ya maji, Dar, mama huyu amemaliza mafungu yote matano amefumba macho, anayafumbua, na daraja halipo.

"Mama," nikasema, "hakuna daraja."

"Halijaisha kujengwa?"

"Halijaanza. Halijawahi kuwepo. Kutoka Dar mpaka Unguja ni maji matupu. Watu wanavuka kwa boti. Nilikudanganya siku ya picha, nikakudanganya tena siku ya kahawa."

"Protase," mzee akasema. Jina tu, tena kwa upole, na lilinichoma kuliko angenitukana.

Mama Nyirabageni aliiweka rozari juu ya mkeka. Hakunitazama mimi. Alimtazama mumewe.

"Nawe ulijua?"

"Nilijua."

"Ulitaka nifike, nione, nikiwa nimeshavaa gauni?"

"Nilitaka upumzike, Nyirabageni."

"Kumpumzisha mtu kwa kumshtua." Akatikisa kichwa. "Kuku ndiye anayepumzishwa hivyo."

 Mzee akanigeukia mimi, macho mekundu. "Siku tano," akasema. "Nilikuomba siku tano."

"Mwache," Mama akasema. Ndipo akanitazama. "Kwa nini umeniambia leo?"

"Bado hujafunga mlango, mama."

 Nje kuku walikuwa wamepanda turubai la kahawa na hakuna aliyetoka kuwafukuza, jambo ambalo nyumba ile haikuwahi kuliona. Mama akamgeukia Salwa.

"Wewe ulikuja na boti?"

"Ndiyo, mama."

"Saa ngapi juu ya maji?"

"Mbili, mara nyingine hazifiki."

"Ulikuwa unafanya nini saa mbili hizo?"

Salwa akasita. "Nililala."

"Ulilala."

"Nilikuwa nimechoka. Nilimwomba mama wa kando anishikie begi, nikalala."

"Mtu analala juu ya maji," Mama Nyirabageni akasema taratibu, si kwa Salwa, si kwetu sisi. Nilijua alikuwa anaongea na nani. Nadhani miaka yote hii hakuwahi kumfikiria Projestus akiwa amelala.

Nikataka kusema kitu cha kumfariji. Nilikuwa nacho hata kitu cha darasani, takwimu za usalama, asilimia. Salwa akanifinya mkono.

"Unajua ulichokifanya?" akaninong'oneza.

"Najua."

"Hanifu hana subira kama mimi."

"Najua, dada."

Mama akanyanyuka. Magoti yalilia, akashika ukuta. Akaliendea begi lililokaa kwenye kiti, akafungua zipu, akaanza kutoa nguo moja moja na kuzipanga mezani mafungu mawili. Shati la mzee la misa upande huu. Kitenge chake upande ule. Suruali huku, kanga kule. 

Alipomaliza, alichukua fungu la mzee, akalikunja upya vizuri kuliko mwanzo, akalirudisha lote ndani ya begi.

"Mimi siendi bila wewe," Mzee Polikarpi akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Sijakuuliza."

Akalichukua gauni lile jipya alilolituma Liliane. Likabaki mikononi mwake. Begi lilikuwa wazi upande wake wa kulia, sanduku la nguo za nyumbani upande wa kushoto, naye amesimama katikati.

Hapo simu ya Salwa ikaita. Aliitazama, akaiweka spika bila kufikiri, kama watu wa kwao walivyozoea.

"Salwa," sauti ya kiume ikasema, na nyuma yake nikasikia mvumo mzito, unakuja, unarudi, unakuja. Ilinichukua muda kuelewa kwamba ile ndiyo bahari. "Nipo na wapishi hapa, wanataka kujua. Wageni wanaoondoka huko Jumatatu ni wangapi?"

Mama Nyirabageni naye alikuwa ameusikia ule mvumo. Aligeuza kichwa, gauni bado mikononi, akausikiliza.

Salwa akanitazama mimi. Mimi nikalitazama gauni.